Nani Anamjua Baba wa Kifaranga?

Sogea karibu na redio, na kama kuna chungu jikoni waambie wapunguze moto kwanza, maana jambo la leo watu wananiuliza sana, na ubaya wake ni kwamba wengi wananiuliza wakiwa wameshalipa.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu anataka kufuga kuku wa asili. Hapa sizungumzii kuku wa mayai, wala wale wa nyama wanaoingia sokoni wakiwa na wiki 5 au 6. Nazungumzia kuku wetu, wale wa kwa bibi. Sasa anauliza: niende kwenye kituo cha kutotolesha, pale penye mashine, ninunue vifaranga wa siku moja waliopangwa kwenye boksi? Au niende kijijini kwa mfugaji, nikachague mbegu kwa macho yangu?

Mashine au mfugaji? Nami nakwambia mapema: swali hilo halijakaa sawa. Swali lililokaa sawa ni hili, na leo nitalirudia mpaka ulichoke: nani anamjua baba wa kifaranga huyu? Na mama yake, nani anamjua? Ukipata jibu la hilo, habari ya mashine au kuku anayeatamia inakuwa jambo dogo.

Lakini twende taratibu. Tuanze na kuku mwenyewe, maana huwezi kununua kitu usichokijua.

Tukisema kuku wa asili, wengi wanaona kuku mmoja tu: mwenye rangi rangi, mwembamba, anakimbia. Hapana. Kuku wa asili ni koo nyingi. Kuna Kuchi, mrefu, amesimama wima kama askari wa zamu, mdomo mfupi uliopinda kidogo, upanga mdogo, mkia mfupi. Huyo utamkuta Mwanza na Shinyanga, utamkuta Unguja na Pemba, na ukivuka mpaka utamkuta Lamu, ambako watu wanamheshimu sana. Kuna Singamagazi wa Tabora, mkubwa, jogoo wake rangi ya moto, mitetea rangi ya nyuki. Kuna Ching'wekwe wa Morogoro, mdogo wa umbo, lakini usimdharau, anataga vizuri. Kuna Kishingo asiye na manyoya shingoni. Kuna Kibwenzi mwenye kishungi kichwani, na Bukini asiye na mkia.

Hizi si hadithi za vijiweni. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro, wamekaa miaka wakiwachunguza kuku hawa. Wamewapima uzito na mayai, wakaangalia pia jinsi miili yao inavyopambana na magonjwa kama kideri na homa ya matumbo ya kuku. Wamekuta tofauti. Kuku wa sehemu moja hafanani na wa sehemu nyingine, ndani na nje.

Chukua mfano wa Kishingo. Watoto wanamcheka, wanasema ananyonyoka. Kumbe ile shingo tupu inamsaidia kutoa joto mwilini. Kwenye jua la Dodoma au la Pwani, kuku mwenye manyoya tele anahema mdomo wazi, anaacha kula, huku Kishingo anaendelea kuchakura. Na sifa ile inarithiwa kwa nguvu: jogoo Kishingo akipanda mitetea ya kawaida, utaona shingo tupu nyingi kwenye vifaranga wa kwanza tu. Kwa hiyo ukimpoteza Kishingo kwenye boma lako kwa sababu watu wanamcheka, umepoteza mali.

Sasa tuje kwenye vituo vya kutotolesha.

Sitaki mtu atoke hapa akisema nimewaponda wenye mashine. Wenye mashine wanafanya kazi kubwa. Ukitaka vifaranga 200 wa umri mmoja, Jumanne ijayo, utawapata wapi kama si kwao? Mtetea wa asili anataga mayai 10 hadi 15, anaatamia siku 21, kisha analea wiki nyingi kabla hajarudi kutaga. Kwa mwaka mzima ni mitago 3 au 4 tu. Kwa mwendo huo, kufikisha kuku 200 wa rika moja ni ndoto.

Jambo la pili ni chanjo. Kituo kizuri kinamchanja kifaranga ugonjwa wa mahepe siku ile ile anapotoka kwenye yai, sindano ndogo chini ya ngozi ya shingo. Chanjo hiyo ni ngumu kuipata kijijini, kwa sababu chupa moja inatosha mamia ya vifaranga na wewe unao 12. Jambo la tatu ni karatasi. Kituo kinachojiheshimu kinakupa risiti na ratiba ya chanjo, na kina namba ya simu ambayo inapokelewa hata baada ya kulipa.

Tena kuna siri moja ya Mungu inayowasaidia. Kifaranga kabla hajapasua ganda anavuta kiini cha yai kinaingia tumboni mwake. Hicho ndicho chakula chake cha safari. Anaweza kukaa siku 2, hata kukaribia 3, bila kula wala kunywa. Ndiyo maana vifaranga wanapanda basi kutoka Dar es Salaam na kufika Songea wakiwa hai. Wenzetu Marekani wanawatuma kwa posta kabisa, na posta yao inawapokea tangu mwaka 1918. Lakini usiitumie siri hiyo vibaya. Kuvumilia si kufurahia. Kila saa inayopita kifaranga yuko kwenye boksi, anakula akiba.

Kwa hiyo, ukiniambia, "Mimi nataka kuuza kuku wa nyama na mayai, nina banda, nina pesa ya chakula," nitakwambia nenda kwenye kituo. Nenda bila wasiwasi. Kuroiler anayetoka India, Sasso anayetoka Ufaransa, hao wametengenezwa kwa kazi hiyo. Wanakua haraka, wanataga mara tatu ya kuku wa bibi au hata zaidi, na wana rangi rangi zinazompendeza mteja. Pale sokoni Shekilango, Dar es Salaam, mteja anaweza kumnyooshea kidole Kuroiler akasema, "Nipe huyo wa kienyeji." Muuzaji naye anacheka kimoyomoyo.

Ila sikiliza hapa vizuri. Hao ni chotara. Chotara si kuku wa asili, hata kama boksi limeandikwa "kienyeji", hata kama limeandikwa "kienyeji bora", hata kama muuzaji ameapa kwa jina la mama yake.

Tofauti iko wapi? Mkulima wa mahindi ananielewa haraka. Ukipanda mbegu chotara, mwaka wa kwanza unavuna mpaka jirani anakuonea wivu. Ukichukua yale mahindi uliyovuna ukayapanda tena, shamba la mwaka wa pili linakuwa halilingani, moja refu, moja fupi, moja halina gunzi. Na kuku ni vivyo hivyo. Wazazi wa chotara wanatunzwa kituoni kwa mpango maalumu, ukoo huu na ukoo ule. Anayekuja kwako ni mjukuu wa mpango huo. Ukimzalisha mwenyewe uani, unapata mchanganyiko: mmoja mkubwa, mmoja kibonge asiyetaga, mmoja hujui umwite nani.

Na kuna jambo lingine ambalo watu wanaligundua wakiwa wamechelewa. Chotara wengi hawaatamii. Wanataga, wanaondoka. Unajua kwa nini? Kwa sababu kuku anayeatamia anaacha kutaga, na kituo kinaishi kwa mayai. Kwa hiyo, kizazi baada ya kizazi, yule anayependa kukaa juu ya mayai hachaguliwi kuwa mzazi. Anachaguliwa yule anayetaga na kusahau. Vizazi vikipita, tabia ya umama inapungua, mpaka inakwisha. Hakuna aliyefanya hila. Ni hesabu tu ya biashara.

Sasa wewe uliyeko kijijini, huna mashine, umeme wenyewe unakuja na kuondoka, umenunua kuku wasioatamia. Mwaka ujao utapata wapi vifaranga? Utarudi kununua, na mwaka mwingine tena. Kwa mwenye kituo hilo ni jambo jema. Kwako je?

Hapo ndipo ninaposimama mimi. Kwangu, thamani ya kuku wa asili kwa kaya yenye banda dogo na uwanja mkubwa ni mama. Mama anayeatamia mwenyewe, anayetoa joto bila mkaa, anayewafundisha vifaranga kuchakura, anayepiga kelele mwewe akipita, na wote wanaingia chini ya mbawa. Rangi na kishungi ni mapambo. Na huyo mama humpati kwenye boksi.

Bado hujachoka? Haya, tuendelee, maana sehemu hii inayofuata ndiyo inayowaliza watu.

Mbali na vituo vikubwa, siku hizi kila mji una watu wenye mashine ndogo za kutotolesha. Mashine ya trei chache, imewekwa chumbani au kwenye kibanda cha duka. Si vibaya, ni kazi halali. Lakini anayatoa wapi mayai? Muulize. Mara nyingi anayakusanya: trei moja kutoka kwa mama huyu, nusu trei kutoka kwa kijana yule, mengine sokoni. Yanachanganywa. Siku ya 21 wanatoka vifaranga wa kila ukoo, wanaingia boksi moja, wanaitwa kienyeji "pyua". Kati yao kuna mtoto wa Kuchi wa kweli, kuna mtoto wa Sasso, kuna mtoto wa jogoo aliyekuwa anapita tu njia.

Sasa nakuuliza, na nilikuahidi nitarudia: nani anamjua baba wa kifaranga huyu? Mwenye mashine hamjui, na aliyemuuzia mayai hamjui. Wewe utamjua vipi?

Na si ukoo tu. Kuna ugonjwa wa kuhara kweupe unaotoka kwa mama kupitia yai lenyewe. Yai linaingia kwenye mashine na ugonjwa wake, kifaranga anaanguliwa anao, anawapa wenzake ndani ya ile ile mashine. Kituo kinachofuga wazazi wake chenyewe kinaweza kuwapima wazazi na kuwaondoa wagonjwa. Anayekusanya mayai barabarani atampima nani? Mnakumbuka mwaka 2017, pale Namanga, serikali ilipoteketeza vifaranga zaidi ya 6,000 walioingizwa bila kibali kutoka Kenya. Watu walilia, na mimi picha zile ziliniuma. Lakini woga uliokuwa nyuma yake ulikuwa huo huo: kifaranga asiyejulikana atokako anaweza kubeba kitu usichokiona.

Basi, je, jibu ni mfugaji? Niseme ndiyo, halafu nikutahadharishe.

Mfugaji mzuri unamjua kwa jambo moja: hakufichi kuku wake. Ukifika anakuonyesha jogoo, anakuonyesha mitetea, anakwambia huyu ni mtoto wa yule, na huyu nilimtoa kijiji fulani. Picha ya jogoo kwenye simu haitoshi. Nenda. Tena nenda asubuhi, kabla kuku hawajafunguliwa bandani, maana wakishatawanyika utaona wale tu anaotaka uwaone.

Ukifika, usikimbilie kuwashika. Simama kwanza mlangoni, sikiliza. Banda la asubuhi lenye afya lina kelele za kugombea mlango. Ukisikia kukoroma, kupiga chafya, sauti kama mtu mwenye mafua, rudi nyumbani, hata kama umetoka mbali. Kisha angalia kinyesi chini ya vichanja. Kigumu, chenye kofia nyeupe juu, ni kizuri. Cha majimaji ya kijani, au cheupe kinachonata kwenye manyoya ya mkiani, si kizuri.

Sasa mwombe akushikie mtetea mmoja. Mgeuze, mpulizie manyoya chini ya mkia na chini ya bawa. Unatafuta utitiri na chawa. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kifua: ukiwa mkali kama kisu, kuku anakula haba au ana minyoo. Angalia jicho, liwe angavu, lisiwe na ukungu. Angalia miguu, magamba yalale. Yakiwa yamenyanyuka na kuwa kama chokaa, huo ni ukurutu wa miguu. Unatibika, lakini unakwambia mwenyewe hachunguzi kuku wake.

Halafu uliza maswali ya mama. Mtetea huyu ameatamia mara ngapi? Aliangua vifaranga wangapi, na wangapi walifika kuachishwa? Mfugaji wa kweli anakujibu papo hapo, tena na visa: "Huyu aliwahi kupigana na kicheche." Asiyejua anaanza kukupigia hesabu za bei. Kuku aliyeangua 12 akakuza 9 uwanjani, bila banda la maana, huyo mshikilie. Hata kama si mzuri wa sura.

Na tahadhari niliyoahidi ni hii. Mfugaji naye anaweza kuharibu ukoo, tena kwa mapenzi. Ana jogoo mmoja anayempenda. Jogoo anapanda mitetea, binti zao wanakua, jogoo yule yule anawapanda binti zake, kisha wajukuu zake. Mwaka wa tatu mayai mengi hayaanguliwi, vifaranga wanatoka dhaifu, mara mdomo umepinda, mara vidole vimejikunja. Mwenyewe anasema amerogwa. Hajarogwa, ni jogoo huyo huyo tangu mwaka juzi!

Kwa hiyo muulize mfugaji: jogoo huyu amekaa hapa muda gani, na alitoka wapi? Akikwambia amezaliwa hapa hapa, na baba yake ni yule pale, basi chukua mitetea kwake na jogoo mtafute kijiji kingine. Jogoo 1 kwa mitetea 10 anatosha, na umbadilishe kila mwaka au angalau kila baada ya miaka 2. Nalirudia hili kwa sababu ni rahisi na watu hawalifanyi: mitetea hapa, jogoo kule. Mitetea hapa, jogoo kule.

Kosa la pili la wafugaji wetu, tusifichane, ni kuuza wazuri. Mteja anakuja, anamnyooshea kidole jogoo mkubwa kuliko wote, anataja bei nzuri, jogoo anaondoka. Krismasi na Idi ndiyo usiseme. Anayebaki kupanda ni yule ambaye hakuna aliyemtaka. Ukifanya hivyo miaka 10, umechagua wadogo na wadhaifu kuwa wazazi wa kuku wako wote. Mwenye kituo, kwa hili, ametuzidi akili: mzazi bora kwake hauzwi. Ukienda kwa mfugaji na ukaona yuko tayari kukuuzia jogoo wake bora siku hiyo hiyo, bila hata kusitasita, nunua ukipenda, lakini jua mwakani kwake hapatakuwa na kitu cha kufuata.

Na chanjo. Wengi wa wafugaji wetu hawachanji, kisha kideri kinapita na kufagia boma zima. Muulize alichanja lini. Chanjo ya kideri ya kudondoshea jichoni ipo, inatengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha, na inavumilia joto kuliko zile za zamani. Tone moja kwenye jicho, unarudia kila baada ya miezi 3. Mfugaji anayeweza kukutajia mwezi aliochanja mara ya mwisho ni wa kushikwa mkono. Asiyejua, wachanje wewe siku chache baada ya kufika, wakishatulia.

Sasa kuna njia ya katikati, na binafsi ndiyo ninayoipenda kwa mtu anayetaka wingi bila kupoteza ukoo. Mtafute mfugaji unayemwamini, nunua kwake mayai, sio kuku. Mayai ya mitetea unayoijua, yenye jogoo unayemjua. Kisha yapeleke kwa mwenye mashine, umlipe kazi ya kutotolesha tu. Weka alama kwenye kila yai kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, ili yasichanganyike na ya mtu mwingine. Mashine haina kosa. Inaangua ulichoweka.

Mayai hayo yana masharti. Yasizidi siku 7 tangu kutagwa, au 10 kwa dharura. Usiyaoshe, maana yai lina utando wa kuzuia vijidudu na ukiliosha unauondoa. Hifadhi ncha kali ikiwa chini. Kama yamesafiri kwenye barabara ya mashimo, yaache yatulie tangu jioni mpaka asubuhi kabla hayajaingia kwenye mashine. Siku ya 7, nenda mwenyewe yakapimwe kwa tochi gizani. Yai lenye mbegu utaliona lina mishipa myembamba myekundu imetawanyika kutoka kwenye kidoa kimoja cheusi, na ukitulia utaona kidoa kinacheza. Lisilo na mbegu linang'aa tupu. Ukiona matupu mengi, mara nyingi tatizo haliko kwenye mashine, liko kwa jogoo, na hapo unarudi kwa mfugaji kuzungumza kiungwana.

Na kama umeamua kununua vifaranga wa boksi, iwe kituo kikubwa au kidogo, basi fungua boksi hapo hapo kabla hujatoa pesa. Mshike mmoja, mgeuze tumbo juu. Kitovu kiwe kimefunga, kikavu. Kikiwa na kidonda au kamba nyeusi inayoning'inia, huyo ana hatari ya kufa wiki ya kwanza. Mlaze chali mkononi: mwenye nguvu anageuka mara moja. Nusa boksi. Vifaranga wazima wananukia kama pumba mpya, wagonjwa wananuka yai viza. Na uliza wameanguliwa lini, siku na saa, maana ile akiba ya kiini inahesabu.

Nimalizie na jambo ambalo sijawahi kusikia muuzaji yeyote akimwambia mnunuzi.

Tuseme umefanya yote sawasawa. Umemtafuta mfugaji, umechagua mitetea mizuri ya Kuchi, umepata jogoo wa Kuchi kijiji cha pili. Umewafikisha nyumbani kwenye tenga, umewatenga wiki 2 au 3 mbali na kuku wako wa zamani ili kuona kama wana ugonjwa. Umefanya vizuri. Sasa, siku hizo hizo za mwanzo, mitetea inaanza kutaga, na wewe una haraka, unawaachia waatamie mayai ya kwanza kabisa. Ngoja kwanza. Mtetea akishapandwa, mbegu ya jogoo inaishi ndani yake wiki 2, pengine hata 3. Kule alikotoka inawezekana alikuwa anachakura uwanja mmoja na jogoo chotara wa jirani. Vifaranga wake wa kwanza kwako wanaweza kuwa wa jogoo huyo, sio wa Kuchi wako uliyemtafuta kwa tochi.

Kwa hiyo mayai ya wiki 3 za mwanzo tangu wafike, kaanga. Wape watoto wale na chapati. Baada ya hapo, ukiwa na hakika kwamba jogoo wa jirani haruki ukuta wako, ndipo uanze kuwawekea mayai ya kuatamia. Na kama jogoo wa jirani anaruka, nenda ukazungumze naye. Na jirani, si na jogoo.

Juma lijalo, saa hizi hizi, tutazungumza juu ya ndui ya kuku: jinsi ya kuchanja bawani na jinsi ya kujua kama chanjo imeshika.